Helikopta za Sadaka: Habari za Uokozi wa Majeruhi Katika Nchi ya Uingereza

Katika mtaa wa Whitechapel, upande wa mashariki wa jiji la London, ipo hospitali kongwe iliyoanzishwa mwaka 1740 na watu wachache walioafikiana kutoa mali yao wenyewe ili mabaharia wa meli za biashara, mafundi na vibarua, pamoja na wake na watoto wao, ambao hawakuwa na uwezo wa kumwita tabibu nyumbani, wapate mahali pa kulazwa na kuuguzwa. Kwa muda upitao karne mbili hospitali hiyo iliendeshwa kwa michango na wasia wa matajiri. Hata tarehe 5 Julai 1948, serikali ya Chama cha Leba ilipoanzisha matibabu ya bure kwa raia wote, ikazitia mikononi mwake karibu hospitali zote za namna hiyo na kuzigharimia kwa fedha za kodi, watu wengi walidhani kwamba zama za kuomba sadaka kwa ajili ya wagonjwa zimekwisha. Miaka 42 baadaye, mwaka 1990, uwanja wa kutua helikopta ulianza kutumika juu ya paa la hospitali hiyo hiyo, na helikopta iliyotua hapo, ikiwa na daktari, dawa na vyombo vya upasuaji, haikuwa mali ya serikali. Sadaka iliyoagwa mlangoni ilikuwa imerudi kupitia paani.

Mgeni asiyeijua tabia ya Waingereza hustaajabu akiambiwa kwamba katika nchi ambamo mtu huzaliwa, hupasuliwa na huuguzwa mpaka kufa pasipo kuulizwa senti moja mlangoni mwa hospitali, helikopta imwokotayo mahututi barabarani hutegemea kopo la sarafu lililowekwa juu ya meza ya dukani. Taajabu yake ni ya haki, lakini hupungua akifuata nasaba ya jambo lenyewe, maana helikopta hizi, ingawa ni vyombo vya juzi, zimezaliwa katika ukoo wa zamani, na ukoo huo asili yake ni baharini.

Mwaka 1824, Sir William Hillary, aliyekuwa akikaa katika Kisiwa cha Man na kuona kwa macho yake meli zikivunjika miambani, aliwavuta wakubwa wa London wakaunda chama cha mashua za uokozi, ambacho mabaharia wake wangekuwa wavuvi na watu wa kawaida wa pwani, na masurufu yake yangetoka kwa wapenda hisani. Chama hicho kipo hata leo. Kwa miaka michache, tangu 1854 mpaka 1869, kilipokea ruzuku ya serikali, kisha kikaachana nayo, kwa kuwa ilidhihirika kwamba ruzuku huufumba mkono wa watoaji na huleta amri za makarani katika kazi isiyongoja amri. Tangu hapo ikawa kama kanuni isiyoandikwa miongoni mwa Waingereza kwamba kumtoa mtu katika hatari ya mauti ni wajibu wa jirani kabla ya kuwa wajibu wa mfalme.

Jimbo la Cornwall, lililo ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza, limezungukwa na bahari pande tatu, nalo liliijua hisani ya namna hii kwa gharama ya damu. Usiku wa tarehe 19 Desemba 1981, meli ya mizigo iitwayo Union Star, ikiwa katika safari yake ya kwanza, ilizimika mashine baada ya maji ya bahari kuingia katika mafuta yake, ikawa yasukumwa na tufani kuelekea miambani, na ndani yake mna watu 8, akiwamo mke wa nahodha na mabinti wawili. Helikopta ya jeshi la majini ilikuja ikasimama hewani juu yake, lakini mlingoti wa meli ulikuwa ukiyumba na kupanda kwa mawimbi yaliyofikia kimo cha mita 18, hata kamba ya kuokolea haikuweza kuwafikia watu. Ndipo wanaume 8 wa kijiji cha Mousehole, watu wa kujitolea wasiolipwa mshahara kwa kazi hiyo, waliposhusha mashua yao, Solomon Browne, wakaisogelea meli ile tena na tena. Waliwapata wanne, wakatoa habari kwa redio kwamba wanao, na baada ya hapo hawakusikika tena. Walikufa watu 16, wa meli na wa mashua, asisalie hata mmoja. Nchi nzima ilitoa: zaidi ya pauni milioni 3 ziliingia katika mfuko wa wajane na mayatima wa kijiji kile, na serikali ilipoonyesha nia ya kutoza kodi juu ya fedha hizo, watu walipiga kelele hata ikabidi iache. Wepesi wa raia kutoa, na wepesi wa mtoza kodi kunusa kilichotolewa, ni mambo mawili tutakayokutana nayo tena huko mbele.

Chombo chenyewe kilifika kwa njia nyingine. Helikopta ilijifunza kazi ya majeruhi vitani, na safari yake ya kwanza iliyopata sifa ilikuwa katika misitu ya Burma, Aprili 1944, ambapo rubani Mmarekani, Carter Harman, alimtoa rubani mwenziwe na askari watatu wa Kiingereza waliokuwa wameanguka na ndege nyuma ya majeshi ya Wajapani. Aliwatoa mmoja mmoja, kwa sababu helikopta yake aina ya Sikorsky ilikuwa dhaifu mno katika hewa ya joto hata haikuweza kuinua abiria wawili. Askari wetu wa Afrika ya Mashariki, wa jeshi la KAR, waliopigana katika bonde la Kabaw huko huko Burma baadaye mwaka huohuo, hawakuonja raha hiyo. Majeruhi wao wengi walianza safari yao ya hospitali mabegani mwa wenzao, juu ya machela, katika matope ya mvua za monsuni. Lakini vita vya Korea vilipozuka mwaka 1950, lililokuwa nadra likawa desturi, na helikopta ndogo za Bell, zenye machela zilizofungwa nje ubavuni, zikawapeleka maelfu ya majeruhi katika hospitali za mahema.

Waliolihamisha jambo hili kutoka vitani na kulitia katika maisha ya raia kwa utaratibu kamili ni Wajerumani na Waswisi. Waswisi, wenye milima ya theluji, walikuwa na chama cha uokozi wa hewani tangu 1952, na mwaka 1957 vyama vyao vya ushirika vya wanunuzi vilikitunukia helikopta. Kwa Wajerumani, kilichowaamsha ni barabara zao. Tarehe 3 Mei 1969, katika mji wa Winnenden karibu na Stuttgart, mtoto wa miaka 8, Björn Steiger, aligongwa na gari akirudi kuogelea. Gari la wagonjwa lilichukua karibu saa nzima kufika, na mtoto akafa njiani, si kwa ubaya wa majeraha, bali kwa mshtuko wa mwili uliokosa tiba. Wazazi wake wakaanzisha wakfu kwa jina lake miezi miwili baadaye, wakawa hawampi waziri wala mbunge usingizi mpaka simu za dharura zikawekwa kando ya barabara na redio ndani ya magari ya wagonjwa. Mwaka uliofuata, ambao ajali za barabarani ziliua watu zaidi ya 19,000 katika Ujerumani ya Magharibi, chama cha wenye magari kiliweka helikopta katika hospitali moja ya Munich, ikaanza kazi tarehe 1 Novemba 1970. Iliitwa Christoph 1, kwa jina la mtakatifu ambaye Wakristo humhesabu kuwa mlinzi wa wasafiri. Kubwa lililofanywa Munich lilikuwa ni kumpakia daktari ndani yake, ili tiba ianze pale mtu alipolala badala ya kungojea mpaka afikishwe.

Basi Uingereza ilichelewa, na ilipoanza ilianzia pembeni. Helikopta ya kwanza ya wagonjwa nchini humo iliruka tarehe 1 Aprili 1987, huko huko Cornwall. Mwenye kulitazama jimbo lile hahitaji kuelezwa sababu: barabara zake nyingi ni vichochoro vilivyobanwa na kuta za udongo na mawe, magari mawili hayapishani mpaka moja lirudi nyuma, wakati wa kiangazi wageni humiminika pwani hata njia kuu zikaziba, na visiwa vya Scilly, ambavyo ni sehemu ya dhamana yake, vipo baharini umbali wa kilomita 45 hivi. Gari la wagonjwa katika nchi ya namna hiyo, hata dereva awe hodari namna gani, hushindwa na ramani. Watu wa Cornwall, waliokwisha kuzoea kuchangia mashua za uokozi tangu enzi za babu zao, waliona helikopta kuwa ni mashua nyingine tu, wakaichangia vivyo hivyo. Hata sasa, zaidi ya miaka thelathini baadaye, kazi hiyo inaendelea kwa michango yao.

London ilifuata mwaka 1989, na sababu zake hazikuwa visiwa wala vichochoro. Mwaka 1988 Chuo cha Kifalme cha Madaktari Wapasuaji kilitoa taarifa juu ya majeruhi wa ajali kubwa, ikaonyesha kwamba sehemu isiyo ndogo ya wale waliokuwa wakifa wangaliweza kupona lau wangalitibiwa mapema na watu wenye ujuzi wa kazi hiyo. Taarifa ile ilikuwa aibu kwa nchi iliyojivunia hospitali zake. Serikali ilipokuwa ingali ikiisoma, madaktari wa Whitechapel walikwisha kutafuta mfadhili, wakampata mahali pasipotazamiwa: kampuni ya magazeti ya Express ilitoa fedha za helikopta. Mwanzoni ilikaa katika uwanja wa Biggin Hill nje ya jiji, kisha mwaka 1990 ikahamia juu ya paa nililolitaja.

Inafaa kuitazama kazi yenyewe kwa karibu, kwa kuwa wengi huidhania kuwa ni mbio za angani tu. Mhudumu mmoja aliyezoea kuruka huketi katika chumba cha simu za dharura, akisikiliza maelfu ya miito ya jiji zima, akichagua ile michache inayostahili helikopta. Uchaguzi huo ni elimu kubwa, maana mpiga simu aliyefazaika husema tu kwamba kuna mtu ameanguka, na kuanguka kitini na kuanguka kutoka ghorofa ya tano si kitu kimoja. Yampasa msikilizaji aulize mawili matatu, apime sauti, na kuamua upesi. Akiamua, daktari, mhudumu na marubani wawili hupanda, na baada ya dakika chache helikopta iko hewani. Marubani ni wawili kwa sababu kazi ngumu zaidi ni kushuka: katikati ya nyaya, miti, mabango na watu wenye kamera, hutafuta kiwanja cha shule, bustani, au njia panda ambayo polisi wameisafisha. Na hapa lipo jambo litakalomshangaza msomaji. Mara nyingi mgonjwa wa London hapandi helikopta kabisa. Hutibiwa pale alipo, kisha huchukuliwa kwa gari la kawaida, daktari akiwa kando yake, na helikopta hurudi paani pasipo yeye. Kazi yake ilikuwa kumleta daktari, nayo imekwisha kuitimiza. Jua likitua helikopta hupumzishwa, na daktari hutoka kwa gari usiku kucha.

Daktari huyo hufanya nini barabarani? Mfano mmoja watosha. Mtu akichomwa kisu kifuani, na ncha ikaufikia moyo, damu hujaa katika mfuko unaouzunguka moyo, ukabanwa hata usiweze kupiga. Mtu huyo ana dakika chache, na kumpakia garini aende hospitali aghalabu ni kupakia maiti. Tiba yake ni kupasua kifua palepale, kuufungua mfuko ule, kuondoa damu iliyoganda, na kuziba tundu la moyo, hata kama ni kwa kidole, mpaka afikishwe mezani kwa wapasuaji. Mwaka 1993 madaktari wa helikopta ya London walifanya upasuaji huo nje ya hospitali na mgonjwa wao akaishi, na jambo lililohesabiwa kuwa wazimu likawa sehemu ya mafunzo. Mwaka 2012 wakaanza kubeba damu ya kuongezea wagonjwa, wakawa wa kwanza nchini kufanya hivyo. Na tarehe 7 Julai 2005, mabomu yalipolipuka katika treni za chini ya ardhi na basi, helikopta ilipeleka madaktari na vifaa huku na huku wakati barabara za jiji zilipokuwa zimefungwa. Nasadiki kwamba ujasiri huu ulichipuka upesi kwa sababu mfuko wa kazi ulikuwa wa sadaka: fedha za kodi hutaka ushahidi kwanza, ilhali fedha za hisani huweza kumwamini mtu kabla ya ushahidi.

Sasa tuziangalie fedha zenyewe. Vyama vya helikopta vya Uingereza, ambavyo leo vyapata 20, kila kimoja na jimbo lake au majimbo yake, hupata sehemu kubwa ya mapato yao kwa bahati nasibu, mtu akilipa pauni moja kila juma kwa tamaa ya zawadi na kwa nia ya kusaidia. Jambo hilo wengi miongoni mwetu wangeliita kamari na kuliepuka, lakini huko wazee wacha Mungu hulifanya pasipo kuona haya. Fauka ya hayo kuna wasia wa marehemu, mbio za miguu, minada ya keki, na maduka ya nguo zilizovaliwa. Zile nguo zisizouzika madukani huuzwa kwa kilo na kusafirishwa ng'ambo, wala si muhali kwamba shati alilolinunua mtu katika mitumba ya Gikomba au ya Karume lilipata kumchangia mafuta rubani wa mbali asiyemjua.

Na wapo wanaotoa kwa sababu ya msiba. Katika jimbo la Devon, jirani wa Cornwall, kijana mmoja aligongwa na gari akiwa juu ya baiskeli mwaka 1986, akafa. Mama yake alipofahamu kwamba helikopta ingaliweza kumpa mwanawe nafasi ya kuishi, alianza kuchangisha, akaendelea kwa miaka, mpaka mwaka 1992 helikopta ya Devon ikaruka. Ukizichunguza habari za vyama hivi utakuta mara kwa mara mama wa namna hiyo, au baba, au mjane. Ni heshima kubwa kwao. Lakini mtu mwenye insafu hawezi kuacha kuuliza ni majimbo mangapi yaliyokaa bila helikopta kwa kuwa tu hakutokea mfiwa mwenye moyo wa chuma.

Mtoza kodi naye hakukosekana. Kwa miaka mingi mafuta ya helikopta hizi yalitozwa kodi ya ongezeko la thamani, hata raia akitoa sarafu yake kwa ajili ya majeruhi, sehemu yake iliishia hazina. Hata ilipofika bajeti ya mwaka 2014 ndipo serikali iliporidhia kuwaondolea mzigo huo. Baada ya hapo, kwa namna ya kuchekesha kidogo, waziri wa fedha alivigawia vyama hivi sehemu ya faini yalizotozwa mabenki yaliyopatikana na udanganyifu wa viwango vya riba, hivyo wizi wa mabwana wa suti ukanunua machela na mashine za pumzi. Mwanamfalme William mwenyewe alirusha helikopta ya chama kimoja katika majimbo ya mashariki tangu 2015 mpaka 2017, akautoa mshahara wake kuwa sadaka.

Je, serikali ifanye nini? Uskoti ina jawabu lake: huko helikopta mbili za wagonjwa hugharimiwa na serikali, na sadaka ikaja baadaye kuongeza. Kwa rai yangu Waskoti wamepatia zaidi. Si haki uhai wa mkulima wa bondeni utegemee ukarimu wa majirani zake kwa kuwa mabonde mengine ni ya maskini. Serikali itoe kilicho cha lazima, yaani chombo, rubani na daktari. Sadaka iachiwe kilicho kipya na cha kujaribiwa. Lakini nakiri kwamba ruzuku ina hatari zake, na wale watu wa mashua waliachana nayo mwaka 1869 wakijua walitendalo.

Sisi wa Afrika ya Mashariki hatuko mbali na habari hii. Mwaka 1957, mwaka ule ule Waswisi walipotunukiwa helikopta yao, madaktari wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege ambayo leo twaijua kwa jina la AMREF. McIndoe alikuwa amepata sifa Uingereza kwa kuwatengeneza upya nyuso marubani walioungua vitani. Ndege zao, zilizojenga makao katika uwanja wa Wilson mjini Nairobi, nazo ziliruka kwa fedha za hisani, na hata leo mtu huweza kujiandikisha kwa ada ya mwaka ili ndege ije kumchukua ikimfika dharura. Lakini ndege hutaka kiwanja, na kutoka kiwanjani mpaka mahali mtu alipovunjikia kuna kilomita ambazo bado hubebwa kwa bodaboda, kwa kitanda cha kamba, au kwa ngalawa. Watu wa pwani wamezoea tangu zamani kuweka wakfu misikiti, visima, na mashamba ya minazi ya kuwalisha mayatima. Nawaomba wenye uwezo miongoni mwao, wanapoandika wasia, waongeze gari moja la wagonjwa lenye mhudumu aliyefunzwa, na nyumba moja ya kupangisha ambayo kodi yake itanunua mafuta na kumlipa mhudumu huyo mshahara.